RD350 iliyolala stoo: usipige kiki kabla hujapima upepo

Mkuu, achana na hiyo kiki kwanza. Umeandika kwamba RD350 ya 1975, ile Yamaha ya silinda mbili na mipigo miwili, imelala stoo hapo Tabora miaka mingi, fundi kakwambia uitoe pampu ya oili, uchanganye petroli na oili ya 20W-50 "iwe nzito", uiwashe, halafu Jumamosi uondoke nayo kwenda Kigoma kupitia Kaliua na Uvinza. Unauliza kipimo cha oili na matairi ya kufunga. Hapo kuna kitu kinachoweza kukuulia injini kabla hujafika Urambo, na fundi wako hajakigusa: sili za kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni.

Kwenye bodaboda hizi za kawaida za mipigo minne, chini ya pistoni kuna oili tu. Kwenye RD, mchanganyiko wa hewa na petroli unapita kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, pistoni ikishuka unabanwa, ndipo unapanda kwenye silinda. Chumba hicho hakitakiwi kuvuja hata kidogo. Pembeni kinazibwa na sili mbili za mpira, na mpira uliokaa miaka unakauka mdomo, haushiki tena shafti.

Sili ya kulia imepakana na gia. Ikiisha, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe mzito, plagi inalowa, oili ya gia inapungua. Inakera, ila angalau unaona. Sili ya kushoto, upande wa alteneta, ni ya hatari kwa sababu huko ni kukavu. Ikiisha inanyonya hewa tupu ambayo haikupita kwenye kabureta. Hakuna moshi wala tone chini. Sailensa inakuwa kavu, ukiachia mafuta injini inachelewa kushuka, na pikipiki inavuta vizuri kuliko jana. Mwenyewe unafurahi, kumbe pistoni inapikwa. Petroli ndiyo inayosaidia kuipoza. Ikipungua, moto unapanda, aluminiamu inalainika, kichwa cha pistoni kinatoboka au pistoni inavimba na kung'ang'ania silinda. Ikitokea hivyo kwenye spidi ya 100, tairi la nyuma linafunga. Hapo mkono uwe umeshabana klachi.

Na hasara haiishii kwenye pistoni. Vipande vya aluminiamu vinashuka kwenye beringi za kranki, na kranki ya RD imeunganishwa kwa kushindiliwa, haifunguliwi kwa spana. Lazima ipelekwe kwenye presi, ivuliwe, ipangwe upya na kupimwa kwa geji. Silinda ya mm 64 inachongwa kufuata pistoni ya 64.25 au 64.50, na pistoni inunuliwe kwanza ndipo silinda iende kuchongwa. Anayechonga kabla pistoni haijafika anakuharibia silinda.

Kinachoniudhi zaidi ni huo ushauri wa fundi wa kuifanya "iwe nzito", yaani ongeza oili isinoki. Piga hesabu. Lita 10 za petroli kwa 1:40, yaani oili moja kwa petroli 40, ni ml 250 za oili. Kwa 1:20 ni ml 500. Tundu la jeti, linalopitisha petroli kwenye kabureta, ni lile lile, kwa hiyo oili iliyozidi inachukua nafasi ya petroli, na kwa hewa ile ile injini inapata petroli pungufu. Mtu anadhani anailinda, kumbe anaongeza moto. Halafu 20W-50 ya injini za mipigo minne haikutengenezwa kuungua; inaacha majivu, ringi zinaganda, plagi zinakufa. Fundi anayesema haya amezoea injini nyingine, na pesa inayopotea ni ya mwenye pikipiki.

Sasa upimaji. Tafuta mashine ya presha ya mkono, ile ya mpira wa kuminya na mshale. Mshale ukifika 300 ni karibu psi 6, na ndicho kipimo unachohitaji. Usitumie kompresa wala pampu ya tairi, upepo mwingi unang'oa sili nzima. Toa kabureta na sailensa. Ziba matundu yote mawili ya sailensa kwa mpira na bati lililokazwa kwa bolti. Plagi ziwe zimefungwa. Upande wa kabureta, ziba mdomo mmoja kabisa, mwingine weka kizibo chenye kamrija na upulizie hapo. Usipulizie kwenye tundu la plagi, kwa sababu vibapa vya kuingizia mafuta vitajifunga na hutapima gasketi zilizo nyuma yake. Ziba pande zote mbili kwa pamoja, maana kizuizi cha katikati ya kranki si cha mpira na kinapitisha upepo toka upande hadi upande.

Jaza hadi 300, subiri dakika 6. Ikipoteza zaidi ya 50 kwa dakika moja, haiwashwi. Paka povu la sabuni shingoni mwa silinda, kwenye mipira ya kabureta, na kwenye sili ya kushoto ukishatoa rota ya alteneta. Sili ya kulia huioni, kwa hiyo fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia utandaze povu mdomoni. Likivimba, jibu umelipata. Kubadilisha sili kunataka injini ishushwe na kizimba kifunguliwe. Anayetaka kuzichomoa kwa bisibisi kutoka nje, mnyang'anye bisibisi.

Pampu ya oili usiitoe. Itoe hewa, weka oili ya mipigo miwili yenye alama ya JASO FC au FD, na tenki la kwanza changanya 1:40 hadi uone oili ya pampu inapungua. Ukifika Kigoma watakuuzia TC-W3 ya mashine za boti. Hiyo ni ya injini zinazopozwa na maji ya ziwa, usiiweke.

Jambo jingine: Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwani Kigoma ni 773. Ukishuka, hewa inakuwa nzito na mchanganyiko unapungukiwa petroli. Kwa hiyo usipunguze namba ya jeti kubwa, na usitoe filta ya hewa. Plagi ni za namba B8HS. Ukizikuta nyeupe zenye vichembe vya kung'aa, zima hapo hapo, pakia kwenye treni.

Ukishapima, andika mshale ulishuka kiasi gani na povu lilitokea wapi.