Usinunue Sili Kabla Hujaosha Injini

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji wa Nyegezi mwenye Subaru Impreza WRX, injini ya EJ20 yenye tabo. Sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili isitoke pale mhimili wa injini unapotokeza kuelekea gia boksi, imebadilishwa mara mbili, gia boksi imeshushwa mara mbili, na sakafu ya nyumbani kwake bado ina doa la oili. Anauliza anunue sili ya kampuni gani safari hii.

Usinunue yoyote, ndugu yangu. Kwanza tujue oili inatoka wapi.

EJ20 ni injini iliyolala: silinda mbili kulia, mbili kushoto. Oili ikivuja juu, inateremka kwenye bloku, halafu upepo wa mwendo unaisukuma nyuma. Tone linakuja kudondokea pale injini inapoungana na gia boksi, na fundi mwenye haraka akiona hapo pamelowa anasema "sili ya nyuma hiyo". Kwa Mwanza kuna la ziada: ukiegesha gari pua ikiangalia juu kwenye mteremko wa Isamilo au Bugando, hata uvujaji wa mbele kabisa unatiririka mpaka nyuma. Egesha sehemu tambarare, tandika boksi la karatasi chini, uone tone linaangukia wapi.

Hakikisha pia kwamba ni oili ya injini. Oili ya gia ina harufu kali, karibu ya kiberiti, na ya usukani mara nyingi ni nyekundu. Watu wameshushiwa injini kwa sababu ya mpira wa usukani.

Sasa osha. Injini iwe baridi, funika oltaneta na koili kwa mifuko ya plastiki, pakaa sabuni ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya kawaida bila presha kubwa. Usiende kuoshea ziwani. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na maji hayo ndiyo tunayokunywa. Oili chafu nayo isiende kwenye mto Mirongo. Iweke kwenye dumu.

Injini ikikauka, nyunyizia poda ya mtoto sehemu unazozishuku. Endesha mpaka Buhongwa na kurudi, kisha ingia na tochi. Tafuta sehemu iliyolowa ambayo iko juu zaidi na mbele zaidi. Hiyo ndiyo chanzo. Yote yaliyo chini yake ni matokeo.

Kabla ya kugusa sili yoyote, kagua mfumo wa kupumua wa injini. Kuna valvu ndogo, PCV, inayovuta hewa chafu kutoka ndani ya bloku. Ikiziba kwa masizi, presha inajaa ndani na kutafuta pa kutokea, na penye udhaifu ni kwenye midomo ya sili. Itoe uitikise: nzima inalia, iliyoganda iko kimya. Angalia na mipira yake, maana hukauka na kupasuka. Gari lenye PCV iliyoziba utalibadilishia sili kila baada ya miezi michache na kumlaumu muuza spea bure.

PCV ikiwa sawa, anza juu. Chini ya oltaneta kuna swichi ya presha ya oili. Chomoa soketi yake. Ukikuta oili ndani, swichi imekufa. Unapofunga mpya, paka silikoni kidogo sana kwenye nyuzi, kwa kuwa swichi hiyo inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi hizohizo. Nenda kwenye tabo, upande wa kulia nyuma. Mpira wa kurudishia oili unaotoka tabo kwenda kwenye hedi (kichwa cha silinda) hupikwa na joto hadi unakuwa mgumu kama plastiki. Ukiubonyeza usipobonyea, badilisha pamoja na klipu zake.

Mkosaji mkubwa, hata hivyo, ni gasketi za tapeti kava, vile vifuniko vya hedi. Dalili yake ni harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye foleni, kwa sababu egzosi ya injini hii iko chini ya hedi na oili inaidondokea. Ukichomoa koili na kukuta ncha yake imelowa, basi hata sili za matundu ya plagi zimeisha. Nunua seti kamili: gasketi mbili, sili nne za plagi na washa za mpira za bolti. Upande mmoja utaondoa betri na chupa ya maji ya vioo, upande wa pili boksi la chujio la hewa. Bolti ni za spana namba 10. Safisha mfereji wa gasketi na uso wa hedi mpaka kitambaa kitoke kikavu, weka tone la silikoni kwenye kona tu, pale kepu za kamshafti zinapokutana na hedi, kisha kaza kwa kupishanisha.

Na hapa ndipo kazi inapoharibika. Bolti hizi zinataka kati ya Nm 5 na 6.5 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kulingana na toleo. Kwenye mpini wa sentimita 10, Nm 5 ni sawa na uzito wa kilo 5. Mkono wa fundi aliyezoea nati za matairi unapita hapo bila kuhisi, gasketi inabanwa inachomoza pembeni, na wiki ya pili inavuja kuliko mwanzo. Halafu wanakuja kupaka silikoni nje kuzunguka kava lote! Hiyo haizibi kitu, na ile inayochomozea ndani ikimeguka inaishia kwenye chujio la pampu ya oili.

Sili za kamshafti, ya mbele ya krenki na o-ringi ya pampu ya oili ziko nyuma ya taimingi belti. Zifanye belti inapobadilishwa, kwenye kilomita 100,000. Pampu ikiwa nje, kagua skrubu za bati lake la nyuma, kwani hulegea zenyewe. Zipake gundi ya nyuzi.

Tukirudi kwa msomaji wetu. Kama juu kote ni kukavu na poda imelowa nyuma tu, sili yake huenda ni nzima kabisa. Pembeni yake, nyuma ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), kuna bati la kutenganisha oili, na kwenye injini nyingi za zamani lilikuwa la plastiki ambalo hupinda kwa joto. Gia boksi ikishuka mara ya tatu, aweke la chuma, na skrubu azifungue kwa bisibisi ya kugonga zisije zikachubuka vichwa.