Ukitaka kutunga, tafuta wanafunzi wa sauti

Vijana wa kwaya hunijia na madaftari yaliyojaa nota, wakiuliza mtu anaishije kwa utunzi. Jibu langu huwaudhi: fundisha watu kuimba. Wengi huona nimewaambia waache ndoto wakatafute kibarua. Ni kweli kodi yangu ya nyumba inalipwa na wanafunzi wa sauti. Lakini ni wao pia walionifundisha kutunga.

Mtunzi anayekaa na kinanda peke yake huandika kwa vidole. Kinanda hakiishiwi pumzi, na kwake "a" na "u" ni mamoja. Mpe dada wa sauti ya kwanza (soprano) neno "Mungu" kwenye nota ya G ile inayokaa juu ya mistari mitano ya kuandikia nota, mwambie ashikilie mapigo manne. Atafungua kinywa, na kanisa litasikia "Mongo". Si uzembe, huko juu sauti inadai kinywa kiwe wazi. Kwa hiyo kwenye kilele cha wimbo natafuta neno lenye "a": Bwana, haki, baraka. Sauti ya tatu (wanaume wa tena) nao wana mpaka wao, karibu na E na F zilizo juu ya C ya katikati ya kinanda, pale sauti inapovuka kutoka kifuani. Wapitishe hapo, usiwaninginize ubeti mzima. Watakaza shingo, na kwaya yote itashuka toni.

Kisha kuna mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nyimbo nyingi tulizorithi zilitafsiriwa juu ya tuni za Kijerumani na Kiingereza, tukazoea kuimba "baBA" bila kushtuka. Mtunzi wa leo hana kisingizio hicho. Mtego ni beti: tuni inaukaa ubeti wa kwanza vizuri, wa pili unavunjika kwa kuwa maneno yana silabi nyingi zaidi. Ziimbe beti zote kwa sauti kabla ya kutoa kopi.

Wapo wanaowaonea aibu walimu wa kwaya wanaoandika kwa sol-fa, yaani kwa herufi d r m badala ya nota za mistari. Upuuzi. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Johannesburg, aliandika kwa sol-fa mwaka 1897 tuni tunayoiimba Tanzania kama Mungu ibariki Afrika. Hata hivyo jifunze mistari mitano pia, maana siku ukitaka piano isindikize kwa uzito, au kwaya ya ng'ambo iimbe kazi yako, d r m hazitakufikisha.

Tuje kwenye pesa. Mwanafunzi alipe mwezi mzima mbele. Anayelipa kwa somo huja siku isiyo na mvua. Ukiombwa wimbo wa jubilei au wa upadirisho, andikianeni kabla hujagusa penseli: sauti ngapi, dakika ngapi, unatakiwa lini, na nusu ya malipo mkononi. "Mwalimu, ni huduma tu" utaisikia sana. Toa huduma kwenye kwaya yako mwenyewe, kwingine ni kazi.

Jina lako na mwaka viandike kila ukurasa, si wa kwanza tu, maana kwenye mashine ya fotokopi ukurasa wa kwanza ndio hupotea mapema. Kwa Tanzania, sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Haki ni yako tangu ulipoandika, ila usajili husaidia siku ya mabishano.

Na ukipanga ada ya masomo, ulizia kwanza walimu wa piano wa mjini kwako wanatoza kiasi gani. Usishuke chini yao eti kwa sababu mwanafunzi wako hana chombo cha kununua. Wewe ndiye unayeonyesha kwa koo lako kutwa nzima, na koo hilo likikauka wiki ya Pasaka hakuna fundi wa kulibadilishia nyuzi.