Usiioshe sponji ikatakata

Samaki wangu wa kwanza walikuwa gapi sita, visamaki vya mapambo, na hawakumaliza wiki. Niliwanunua Jumamosi pamoja na tangi la lita 60, jioni ileile nikalijaza maji ya bomba na kuwamwagia humo. Jumatano asubuhi wa mwisho alikuwa anaelea kiubavubavu.

Haraka ndiyo iliyowaua. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, sumu vilevile, kisha wengine huifanya naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria hao. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na makao yao makuu ni sponji ya filta, yaani chujio la maji ya tangi. Kwa hiyo siku hizi nawasha filta, natupia tangini punje mbili tatu za chakula zioze, nasubiri. Watoto hununa wakiona tangi tupu. Wanune tu. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi, muombe kipande cha sponji yake chafu, utapunguza kungoja.

Haya niliyajua kwa kurudia kosa. Mara ya pili samaki walishamiri miezi mitatu, hadi siku nilipoona sponji imekuwa nyeusi nikaipeleka bombani, nikaisugua ikawa nyeupe kama mpya. Kesho kutwa yake wote walikuwa juu wanatweta. Sasa nachota maji ya tangi kwenye ndoo, naikamua humo mara mbili, narudisha. Maji hutoka ya tope, nami humwagia mchicha. Unayapenda kuliko mbolea ya dukani.

Robo ya maji nabadilisha kila Jumapili, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi ili klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, itoke. Tangi liwe mbali na dirisha, jua huleta ukijani. Na lita 60 ni kilo 60 kabla hujahesabu kioo na mawe, usilitweke kwenye kimeza cha televisheni. Hapa Dar kipasha joto sijawahi kukihitaji.

Umeme ukikatika usiwalishe. Chota maji kwa kikombe, yamimine kutoka juu yaingie na hewa, kila baada ya dakika chache. Mwezi uliopita nimefanya hivyo hadi saa nane usiku, tochi ya simu nimeibana kwapani.