Maswali yenu: notisi za kalamu au za laptopu?

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni. Wenzangu wanachapa notisi kwenye laptopu, mimi naandika daftarini na ninaachwa nyuma. Nibadilike?

Marahaba mwanangu. Usibadilike, huenda huko kuachwa nyuma ndiko kunakokufaa. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa Marekani walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Waliochapa walipata maneno mengi zaidi, mengi yakiwa ya mhadhiri mwenyewe. Kwenye maswali ya kukumbuka taarifa walilingana na wenye kalamu, ila kwenye ya kuelewa dhana, wenye kalamu waliwashinda. Katika jaribio moja wachapaji walionywa wasinakili neno kwa neno, na bado walinakili!

Mkono haukimbizani na mdomo, hivyo kichwa hulazimika kuchagua. Mhadhiri akisema ukuta wa seli ya mmea umejengwa kwa selulosi, ndiyo maana mmea husimama bila mifupa, mchapaji anayo sentensi nzima. Wewe umeandika "selulosi", ukachora mshale, ukaandika "husimama". Mshale ule umeutoa kichwani mwako.

Mkono wangu huuma nikiandika sana. Nikichapa nitafeli?

Hapana. Waliorudia jaribio lile na kuchapisha mwaka 2021 hawakuona tofauti ya maana kwenye alama. Chapa, lakini fupisha kwa maneno yako.

Mwanangu wa miaka mitano anajifunza herufi kwenye simu. Inatosha?

Mama, mpe penseli. Karin James na Laura Engelhardt, mwaka 2012, waliwapima ubongo watoto ambao hawajajua kusoma. Sehemu zinazotumika katika kusoma ziliamka walipotazama herufi walizoziandika wenyewe kwa mkono, si walizozichapa wala kuzifuatisha juu ya alama. Kwa hiyo hata "b" yake ikienda upande, mwache aichore. Mchangani kwa kijiti pia ni sawa.

Daftari langu ni safi, lina wino wa rangi tatu, nalisoma kila usiku. Kwenye mtihani nasahau!

Pole sana, najua inavyouma. Unalisoma mno. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka waliwapita waliorudia kusoma. Usiku wa leo lifunge. Chukua karatasi tupu, andika yote unayoyakumbuka, kisha lifungue na ujaze mapengo kwa wino mwekundu. Kesho anza na yale mekundu.