Jicho lisilo na lenzi lina kazi gani?

Mdogo wangu, nimekuelewa: semina yako inahusu hagifishi, yule samaki wa ute mwingi, hana taya, umbo refu kama la samaki mkunga. Umekwama kwa kuwa jicho lake halina lenzi na limefunikwa na ngozi, sasa la nini?

Achana kwanza na habari ya kuona. Fuata neva. Zipo zinazotoka kwenye retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, moja kwa moja hadi haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoratibu usingizi, njaa na homoni. Retina yenyewe ina tabaka mbili za seli, yetu tatu. Picha safi haipatikani hapo, ila giza na mwanga vinatosha kurekebisha saa ya mwili. Halafu hagifishi hana tezi ya pinea, tezi ndogo ya ubongoni, ambayo lamprei, samaki mwingine asiye na taya, anayo na inahisi mwanga; huenda basi jicho la hagifishi ndilo linashika kazi hiyo. Hoja hii ndiyo ningeipa nafasi kubwa.

Angalizo: usiandike kwamba ni jicho la kale lisilobadilika. Visukuku vya hagifishi vya miaka kama milioni 300, vilivyochunguzwa mwaka 2016, vinaashiria jicho hilo limedhoofika baadaye. Mwonyeshe msimamizi rasimu, na usijaribu chochote kwa samaki hai bila kibali cha chuo.