Joto ndani ya sumaku za kwantamu: maswali yenu

Baada ya ile mada ya sumaku za kwantamu, yaani vitu vya sumaku visivyopitisha umeme ambavyo visumaku vya atomi zake vinafuata sheria za kwantamu (fizikia ya vitu vidogo sana), maswali yamemiminika, nimechukua haya matano.

Kitu kisichopitisha umeme kinapitishaje joto?
Joto halilazimiki kubebwa na elektroni mkuu. Atomi zenyewe zinatetemeka, mtetemo unasafiri, hizo ndo fononi. Halafu kuna spini, yaani kausumaku ka kila atomi, zikiyumba zinaambukizana na joto linasogea nalo. Kuna oksaidi za shaba ambazo spini zimejipanga kama ngazi, ukipima kwa urefu wa ngazi joto linapita vizuri sana, ukipima kwa kukatiza linakwama.

Kwa nini mnapima mpaka karibu na sifuri kabisa (baridi ya mwisho, kelvini 0)?
Ili fononi zipungue. Ukishusha kelvini kwa nusu mchango wa fononi unabaki kama moja ya nane, ila spini zikiwa na tabia kama ya elektroni kwenye chuma mchango wao unabaki nusu, kwa hiyo ukizidi kushuka wao ndo wanabaki uwanjani. Chini ya kelvini 1 watu wanatumia jokofu la kuchanganya heliamu-3 na heliamu-4, na unafika mpaka sehemu ndogo sana ya kelvini.

Mnapimaje sasa?
Upande mmoja wa fuwele unabanwa kwenye sehemu ya baridi, upande wa pili unawekwa kahita kadogo, katikati vipimajoto viwili, basi unajua wati ulizoingiza na unasoma tofauti. Kwa maneno ni rahisi, ila kazi ipo kwenye kuunganisha waya maana muunganisho mbovu unakupa majibu ya uongo. Na ruthenium kloridi (alfa-RuCl3), moja ya sumaku za kwantamu zinazochunguzwa sana, ndo balaa, ina tabaka laini laini, ukiikunja kidogo tu tabaka zinapangika vibaya, na utajua umeiharibu ukiona dalili ya mpangilio wa sumaku (spini kujipanga) kwenye kelvini 14 badala ya 7 peke yake.

Si mngepima tu joto ambalo fuwele inahifadhi?
Wanapima pia, shida huko chini hata viini vya atomi vinahifadhi joto na kuchafua hesabu. Upitishaji unahesabu vinavyotembea tu.

Ni kweli wamepata chembe za Majorana (chembe ambazo ni kinyume chao wenyewe)?
Hapa taratibu jamani. Mwanafizikia Kitaev aliandika 2006 modeli yake ya spini ambamo chembe hizo zinatokea, na 2018 timu ya Kyoto, Japani ikaripoti kwamba RuCl3 kwenye uga wa sumaku wa tesla kadhaa, kelvini kama 5, joto linalopinda pembeni linatoa nusu kamili ya kipimo cha msingi cha kwantamu, na nusu ndo alama ya Majorana. Dunia ikachangamka. Ila 2021 watafiti wa Princeton, Marekani wakapima wakaona upitishaji wa joto unapanda na kushuka kama mawimbi uga ukibadilishwa, hiyo nusu iliyotulia hawakuiona, na wenzao wa Sherbrooke Kanada wanasema hilo joto la pembeni ni la fononi hizohizo. Mimi bado sijashawishika, nataka nione fuwele zimetoka maabara tofauti na zote zinasema nusu.