Udongo Mweusi wa Nyamasaria: Yatafutie Maji Njia Kabla ya Kupanda Mboga

Kwetu ni Maragoli, kwenye vilima vya Vihiga, ambako udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha maji hushuka bondeni kabla hujamaliza kuanua nguo. Nilipohamia Nyamasaria, upande wa mashariki wa Kisumu, mwaka 2018, nilikuja na mazoea ya kule. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi cha hatua kumi kwa nane, chenye nyasi tu, na udongo wake mweusi tititi. Nilipouona nilifurahi, kwani kwetu weusi wa udongo ni dalili ya rutuba. Nilipiga jembe nikachomeka miche mia moja ya sukuma wiki pale pale chini, bila tuta, kama nilivyomwona mama akifanya tangu utotoni.

Mvua ya Aprili ilipokolea, maji yalisimama kati ya mistari. Wiki ya pili majani ya chini yakawa ya njano. Wiki ya tatu nikang'oa mche mmoja nikakuta mizizi imekuwa ya kahawia, inanuka kama maji ya mtaro. Sikukata tamaa, nikasubiri kiangazi cha Januari nikapanda tena, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Ardhi ikapasuka nyufa za kupitisha mkono, na zile nyufa zikaikata mizizi iliyokuwa ndiyo kwanza inashika.

Jirani yangu, mama wa makamo ambaye kwao ni Kano, alikuwa akinitazama kupitia uzio muda wote huo. Siku moja aliingia uani, akasimama juu ya mistari yangu iliyokauka, akasema, "Nyar Maragoli," yaani binti wa Maragoli, "hapa maji hayana pa kwenda. Yatafutie njia kwanza, mboga zitafuata."

Nimelima kwa maneno hayo hadi leo, na kama unaishi Nyamasaria, Nyalenda, Ahero au popote kwenye uwanda wa Kano, nakuomba uyashike kabla hujanunua hata mche mmoja. Udongo huu si maskini. Ni tope laini lililoletwa na mito kwa miaka mingi kutoka nyanda za juu. Lakini una mfinyanzi mwingi unaofura ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndiyo maana mafundi wa ujenzi huuondoa wote kabla ya kumwaga msingi. Ukilowa, hewa hutoka na mizizi hukosa pumzi. Mboga nyingi zinazokufa Kisumu wakati wa mvua hazifi kwa njaa wala ugonjwa, hufa kwa kukosa hewa. Ukizitilia mbolea ya duka wakati huo unapoteza pesa zako bure.

Kwa hiyo, inua. Matuta yangu yana upana wa mita moja, ili nifike katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kukanyaga juu. Urefu wake kwenda juu ni kama sentimita 40. Kati ya tuta na tuta kuna mfereji wa upana wa jembe, na mifereji yote inaelekea kona moja ya ua iliyo chini kuliko nyingine. Kujua kona hiyo ni rahisi: subiri mvua kubwa ya alasiri, ile inayokuja na radi zake, kisha toka uangalie maji yanakimbilia wapi. Chora mfereji wako kwa kuyafuata. Kwenye kona hiyo nimepanda migomba mitatu, nayo inakunywa kila kinachofika.

Siku ya kuchimba ichague kwa makini. Udongo huu ukiwa mbichi hugeuka tofali kwa kila pigo la jembe, na mabonge hayo hayavunjiki tena msimu mzima. Ukiwa mkavu, jembe linadunda. Chukua konzi moja, ikaze mkononi, iachie idondoke kutoka usawa wa kiuno. Ikivunjika vipande, chimba siku hiyo hiyo. Ikitua bonge zima, subiri. Kwangu siku hiyo huwa ya tatu au ya nne baada ya mvua kukatika, na nikiikosa basi nimekosa wiki mbili.

Watu watakuambia uchanganye mchanga. Nilifanya hivyo kwenye tuta moja na likakauka kama sakafu. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hushikana tu, na kiasi cha kuleta tofauti ni lori zima. Kinachofungua udongo huu ni kitu kilichokuwa na uhai. Mimi natumia makapi ya mpunga kutoka vinu vya Ahero, ambako hukosi lundo lake nje. Lakini usiyatie peke yake, kwa sababu yanapooza hunyang'anya mimea naitrojeni. Kwa kila magunia mawili ya makapi natia gunia moja la samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, nachanganya na udongo, nalaza kwa wiki tatu kabla ya kupanda.

Mvua ya 2020, ile iliyofurisha mito ya Kano na kupandisha ziwa, ilikuwa mtihani wa kwanza. Maji yalisimama kwenye mifereji yangu siku tatu. Juu ya matuta, kunde na managu (mnavu) hazikuangusha hata jani. Jirani alikuja akachuma akapeleka kwa dada yake aliyekuwa amehamishwa na maji.

Kitu kingine tulicho nacho hapa ambacho watu wa Eldoret hawana ni gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani. Limekaa kwenye ghuba yetu ya Winam, Ziwa Victoria, tangu miaka ya tisini, linazuia mitumbwi, linawaumiza wavuvi, na sisi tunalitazama tu. Mimi nalichukua kwa ajili ya mboji. Naomba hapa usome polepole, maana kuna hatari zake. Usiingie majini miguu mitupu: konokono wanaobeba kichocho hujificha kwenye mizizi ya gugu hilo. Vaa gambuti na glavu, au chukua lile ambalo wavuvi wameshalivuta nchi kavu na likakauka. Usilichukue karibu na mahali maji machafu ya mji yanapomwagika, kwa sababu mmea huu hufyonza metali nzito, na mizizi ndiyo inayobeba nyingi zaidi. Mizizi naikata na kuiacha huko huko ufukweni, narudi na majani na vikonyo tu.

Sehemu kubwa ya gugumaji ni maji, kwa hiyo ukilirundika bichi litaoza na kunuka. Lianike juani siku tano hivi hadi linyauke kabisa. Kisha panga matabaka: gugumaji, nyasi kavu au mabua ya mahindi, samadi, na majivu kidogo. Lundo likifika kiunoni lifunike kwa majani ya mgomba. Ndani ya siku chache chomeka fimbo katikati, uitoe uiguse. Ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi. Ligeuze kila wiki mbili. Langu huiva kwa karibu miezi mitatu, likiwa jeusi, linapukutika, halina harufu. Likiwa limenyauka bila kuozeshwa, gugumaji hulifaa tuta kama matandazo pia, na wakati wa Januari matandazo ndiyo yaliyozuia zile nyufa nilizozitaja. Sijaona ufa kwenye tuta lililofunikwa.

Sasa mboga zenyewe. Sukuma ninayo, lakini kwa joto la Kisumu mboga zinazonipa furaha ni zile ambazo nyanya zetu walizipika: managu, saga (mgagani), mrenda, kunde, mitoo (marejea). Zimezoea hali hii. Kuna wakati watu wa mjini walizionea haya, wakaziita mboga za maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha bustani kutoka huku huku magharibi, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzifanyia utafiti na kuzirudishia heshima, nami namshukuru kila ninapoona fungu la saga likigombaniwa sokoni Kibuye.

Wengi huniambia mbegu zao hazioti. Mara nyingi kosa haliko kwenye mbegu.

Saga, ambayo jirani yangu anaiita dek, ina usingizi. Ukivuna mbegu leo ukazipanda kesho, zitakugomea. Ziweke miezi mitatu angalau. Mimi huziacha sita, ndani ya chupa kavu, mahali pa giza, na chupa naiandika mwezi wa kuvuna. Zipande moja kwa moja kwenye tuta, kina kisizidi sentimita moja, kwa kuwa mzizi wake mkuu hauvumilii kuhamishwa. Ikianza kutoa vikonyo vya maua, vikate. Ukiacha maua, majani yanakuwa madogo na machungu, na mmea unaanza kujiandaa kufa.

Managu, kinyume chake, hukubali kitalu. Mbegu zake ni kama vumbi, hivyo zichanganye na majivu makavu au mchanga ili zisidondoke zote mahali pamoja, uzifunike kwa udongo mwembamba sana. Juu ya kitalu weka kichanja kifupi cha fito na nyasi, kwa sababu jua la saa saba hapa huunguza miche. Miche ikifika urefu wa kiganja ihamishe jioni. Baada ya wiki mbili tatu kata ncha, na mmea utachanua matawi ya kando ambayo utayachuma kila wiki. Msimu ukiisha, acha mmea mmoja wenye majani mapana uzae, kamua matunda yaliyoiva ndani ya maji, yaoshe, na uanike mbegu kivulini.

Mrenda una ganda gumu. Funga mbegu kwenye kitambaa, kizamishe ndani ya maji yaliyotoka kuchemka, hesabu hadi kumi, kisha kitie mara moja kwenye maji baridi. Panda siku hiyo hiyo. Kabla sijajua haya nilikuwa napata miche mitatu kwa kijiko kizima cha mbegu.

Kunde hazisumbui. Mitoo nayo napenda kuipanda mahali managu yalipotoka, kwa sababu ni jamii ya kunde na huurudishia udongo naitrojeni.

Tuta la managu usilirithishe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi ulaya, na vivyo hivyo kinyume chake. Ni ukoo mmoja na wanaambukizana mnyauko, ugonjwa wa bakteria ambao joto letu linaupenda. Ukiona mmea umelegea ghafla mchana ilhali bado ni kijani na tuta lina maji, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Subiri dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, ndio huo. Ung'oe na udongo wake, usiutupe kwenye lundo la mboji, na tuta hilo ulipe mahindi au kunde kwa misimu kadhaa. Hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya, hata ukiuziwa.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, ni rahisi kuwaondoa. Maji ya sabuni ya kufulia yaliyopunguzwa sana, upande wa chini wa majani, asubuhi na mapema. Ukipita muda wa saa mbili, suuza.

Kwa wale waliopanga chumba cha nyumba za mstari wasio na ua, bustani ya gunia inatosha. Tafuta gunia la kilo 90 na kopo kubwa lililotolewa matako. Simamisha kopo katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na mboji pande zote, kisha livute kopo juu ulijaze tena, hivyo hivyo mpaka ufike mdomoni. Utabaki na nguzo ya mawe ndani, na hiyo ndiyo njia ya maji: ukimwaga juu yanashuka na kusambaa kila upande badala ya kubaki kileleni. Toboa matundu ubavuni kwa mpangilio wa kupishana, chomeka sukuma au managu. Saga usiiweke humo ubavuni, kumbuka mzizi wake. Lita kumi kwa siku zinalitosha gunia wakati wa kiangazi, na maji ya kuoshea mboga yanafaa kabisa.

Mradi ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni nderema, mboga inayotambaa, mlangoni mwa jikoni. Nilisimamisha fito nne, nikazifunga kwa juu na kamba ya katani, nikachomeka vipande vya shina chini ya kila ufito mwezi wa Machi. Kufikia Juni kulikuwa na kivuli cha kuweka kigoda na kuchambulia mboga. Majani mazito, laini, huchanganyika vizuri na kunde. Jirani yangu huketi hapo jioni nikisubiri mrenda uchemke na munyu (chumvi ya majivu), akinieleza jinsi wao Kano wanavyolaza dek kwenye chungu cha maziwa usiku kucha ili uchungu uishe.

Chupa yangu ya saga iliyoandikwa "Agosti" inafunguliwa Februari. Nusu ni ya tuta la karibu na migomba, ambalo nimeshalitia makapi. Nusu nyingine nimeifunga kwenye karatasi kwa ajili ya mama, Maragoli, na nimemwandikia juu yake: sentimita moja, usihamishe.